Iafoni kwa Nyumba Isiyo na Dari

Sengerema,
Jumatatu, 5 Mei 2025

Mume wangu Alexander,

Usishtuke kuona karatasi, hakuna aliyefariki. Nakuandikia kwa sababu simu yangu imeamua kutuaibisha. Ile spika ya kuweka sikioni imekufa kabisa. Ukinipigia, mpaka niweke spika kubwa ndiyo nikusikie. Na nyumba ya mama unaijua, umekulia humu. Haina siling bodi, kuta zimeishia kwenye lenta na bati liko kule juu peke yake. Nikipiga chafya chumbani, mama ananiambia afya akiwa jikoni.

Sasa jana unaniambia eti siku hizi unalala upande wangu wa kitanda, mara nasikia sebuleni mama anakohoa, kikohozi cha makusudi kabisa. Alex, nilitamani ardhi ipasuke nizame. Mama mkwe wangu huyo, ninayempigia magoti asubuhi na jioni!

Na usiniambie tuandikiane meseji. Mchana kutwa simu yangu iko mikononi mwa mama, anaangalia picha za harusi, akifika ya mwisho anaanza upya. Meseji ikiingia anaisoma kwa sauti, akidhani ni kampuni ya simu inatangaza vifurushi.

Kwa hiyo nitafutie iafoni, zile za kuchomeka masikioni. Sitaki za kujirembea wala za kutikisa kichwa barabarani. Nataka nikusikie wewe, na wewe unisikie nikinong'ona. Ndani ya bahasha nimeweka elfu ishirini, nimesuka nywele za majirani nikaipata. Isizidi hapo. Huku iafoni ni zile za elfu mbili zinazokufa sikio moja kabla hujafika nyumbani.

Barua hii anakuletea Rebeka, yule jirani muuza dagaa. Anavuka kwa kivuko cha Kamanga kila Jumanne na Ijumaa, kwa hiyo ukijibu mpe yeye. Samahani kwa harufu.

Mguu wa mama unaendelea vizuri. Hogo alilofungiwa mfupa limetolewa, sasa anajifunza kusimama. Alexander, tumefunga ndoa tarehe kumi na moja Januari, mama akaanguka tarehe tatu Februari. Tumekaa mke na mume siku ishirini na tatu tu. Nimezihesabu kwenye kalenda ya parokia, nikazihesabu tena nikidhani nimekosea. Nimekukumbuka mpaka nakasirika.

Mkeo,
Nice


Mirongo, Mwanza,
Alhamisi, 8 Mei 2025

Mke wangu Nice, mwenye barua inayonukia dagaa,

Nimeisoma karakana nzima ikipunga hewa. Fundi mwenzangu ameniuliza kama nimeoa Nice au nimeoa mwalo wa samaki. Nimemwambia ashone kiti chake anyamaze.

Mama kukohoa, pole. Mimi humu ndani nikiongea na wewe hakuna anayekohoa. Hakuna mtu. Ninapika wali wa watu wawili kwa mazoea, nakula wa mmoja, unaobaki nampa mbwa wa mwenye nyumba. Mbwa amenenepa mke wangu, ukirudi hutamtambua.

Iafoni nimepata, na sikupoteza muda. Nimenunua kwa kijana mmoja anayetembeza pale stendi, zile za blututhi zisizo na waya, zinalala ndani ya kiboksi kinachowaka taa za rangi. Amenipa kwa elfu kumi na mbili. Ameniapia kwa mama yake kwamba ni za kweli kutoka kiwandani. Zina sauti nzito, muziki unausikia mpaka kwenye meno. Chenji nimeirudisha kwenye bahasha.

Jumamosi saa kumi jioni nitakutumia ujumbe wa sauti. Ingia chumbani, ziweke masikioni, usikilize. Nitasema yote niliyoyameza tangu Februari. Ujiandae.

Wako wa kwenye wali,
Alexander


Sengerema,
Jumatatu, 12 Mei 2025

Alexander Kaijage,

Nakuita kwa jina lako kamili kwa sababu mimi sina tena sura ya kumtazama mtu.

Jumamosi saa kumi jumuiya ilikuja kusali kwa mama, wanawake kumi na mmoja sebuleni. Nikawapa kahawa ya kutafuna kwa kikapu, nikapiga magoti, wakanisifu mpaka mama akatabasamu. Wakaanza rozari. Nikasema hapo hapo, wao wanasali, mimi niibe dakika zangu tano. Nikaingia chumbani, nikajifunika kanga, nikaweka vile vidude vyako masikioni. Vina mipira inayoziba sikio barabara, hata rozari sikuisikia tena. Nikabonyeza ujumbe wako.

Nikakusikia kwa mbali sana. Nikaongeza sauti. Bado kwa mbali. Nikaongeza mpaka mwisho. Nikafurahi, nikausikiliza wote, nikaurudia.

Alexander, havikuwa vimeunganishwa na simu. Simu ilikuwa inapiga kelele yenyewe juu ya kitanda, na mimi nimezibwa masikio kama mjinga. Umesema utanibeba kutoka kivukoni mpaka Mirongo bila kuniweka chini. Umetaja na mlango utakaoufunga kwa ufunguo. Mara mbili!

Nimetoka nje na tabasamu langu, nikakuta rozari imesimama. Mama ameshika punje, hajui ni fumbo la tatu au la nne. Yule mama mwenyekiti wa jumuiya akasema polepole, "Haya Nice, tumepata salamu za Alexander." Kilichofuata ni kicheko ambacho hata bati lilikisikia. Nimekimbilia jikoni nikalia na kucheka vyote pamoja.

Mama hakunisema hata neno. Wageni walipoondoka akauliza tu, "Alexander amekonda? Sauti yake naisikia imekonda." Nikamwambia hapana mama, anakula.

Jana nimejaribu kuviunganisha vizuri. Sauti inakatika katikati ya neno, cha kushoto kinadondoka nikigeuza shingo, chaji imeisha kabla hatujamaliza salamu. Na nikiongea mimi unaniambia unasikia upepo. Mrudishie yule kijana na mama yake aliyemwapia. Mimi nataka za waya, nione zilipochomekwa kwa macho yangu.

Aliyeaibika kwa ajili yako,
Nice


Mirongo, Mwanza,
Alhamisi, 15 Mei 2025

Nice wangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Jumuiya nzima! Na mimi Pasaka ijayo nitaingiaje kanisa lile? Nisamehe. Kosa ni langu, nilinunua taa za rangi.

Kijana wa stendi sijamwona tena, ameyeyuka. Basi jana nimekwenda kwa mzee Salehe, yule mwenye duka la redio na saa hapa Mirongo, alilorithi kwa babu yake. Nimemwamkia shikamoo, nikamweleza shida yangu, ila ya rozari nikaificha. Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mwanangu, unataka kusikiliza muziki, au unataka kumsikiliza mtu?" Nikasema mtu. Akasema, "Basi tuondoe nusu ya duka."

Akanitolea tatu, zote za waya, zote chini ya elfu ishirini. Nikaomba aniwekee muziki nipime, akakataa. Akafungua redio, taarifa ya habari. Ya kwanza ina besi nyingi, msomaji habari akawa kama anasomea ndani ya pipa. Mzee akasema watu wengi wananunua hiyo kwa sababu inatingisha, halafu wanalalamika hawaelewi wanachoambiwa. Ya pili ilikuwa kali, kila "s" ya yule mama wa habari ilinichoma sikioni. Ya tatu nyeusi tupu, haina boksi la maana, imefungwa kwenye nailoni. Nikaiweka sikioni, Nice, nikamsikia yule msomaji akigeuza karatasi.

Hakuishia hapo. Akanipeleka nje, karibu na wale wachomeleaji mageti, akaniambia nimpigie yeye akirudi dukani, na nimwongeleshe kwa kunong'ona. Akanirudia kila nilichosema, mpaka "na" na "kwa". Maiki iko kwenye waya, usawa wa kidevu. Usiishike na vidole, iache ining'inie. Mipira ipo ya saizi tatu na usidharau, anasema iafoni ya bei mbaya yenye mpira usiokutosha inashindwa na ya bei poa inayokutosha. Anza na mdogo. Vuta sikio juu kidogo, sukuma taratibu. Ukiongea ukajisikia kama umeingia kwenye tanki, imekaa. Na waya usiuzungushe kwenye simu, unakatikia pale shingoni karibu na pini.

Elfu kumi na nane, nimelipa mfukoni mwangu, ile chenji uliyonayo ibaki kwako. Nimekaa dukani saa nzima na nusu kuchagua kitu kisichofika urefu wa kidole, viti vya gari la mteja, Noah, vikinisubiri. Sijawahi kuchagua kitu kwa makini hivyo, labda wewe.

Kesho Ijumaa saa mbili usiku nitapiga. Anza kunong'ona.

Alexander


Sengerema,
Jumatatu, 19 Mei 2025

Mpenzi wangu,

Mpelekee mzee Salehe shikamoo yangu mara saba.

Mpira mdogo ndio wangu. Nilipokupokea, kabla hujasema kitu, nilikusikia unavuta pumzi. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe. Nikasikia mvua ya kwako wakati huku kwetu kukavu. Ulisema nini mwanzoni wala sikumbuki, nilikuwa nalia. Miezi mitatu na nusu nimekuwa nasikia sauti yako ikiwa imechanganyika na bati na vyombo na redio ya mama, halafu ghafla ukawa hapa, kati ya sikio na sikio, mtu wangu mzima.

Nimenong'ona yote, umenisikia yote. Hakuna aliyekohoa. Natamani ungeniona nilivyokuwa najibanza ukutani nacheka peke yangu.

Kesho yake asubuhi mama akaniuliza, "Alexander jana hakupiga?" Nikamwambia alipiga mama, tumeongea sana. Akasema, "Mbona sikusikia?" Nikamwonyesha iafoni. Akazishika, akazigeuzageuza, akanirudishia. Akasema ni nzuri.

Daktari anasema mwisho wa mwezi huu ataanza kutembea na fimbo. Alex, vumilia kidogo. Narudi.

Wako, wa sikioni kwako,
Nice


Mirongo, Mwanza,
Alhamisi, 26 Juni 2025

Nice,

Zimepita wiki tano hatujaandikiana. Simu ilitutosha, nadhani. Leo nimerudi kwenye karatasi kwa sababu kuna neno kila nikilisema kwenye simu unaninong'oneza "ngoja kwanza," halafu tunaongea habari za ndizi.

Unarudi lini?

Ulisema mwisho wa Mei. Mwisho wa Mei mama alikuwa anatembea na fimbo mpaka kwa Rebeka, wewe mwenyewe uliniambia. Juni ilipoingia ukasema mguu umerudi nyuma. Nikampigia mama, nikamuuliza, akasema, "Niko salama, mwanangu, kaa na kazi zako." Sasa yupo salama au haumudu mguu? Nimeulizwa na watu kama mke wangu amenikimbia. Mwenye saluni uliyokuwa unasukia hapa Mwanza amesema kiti chako anakishikilia mpaka Julai katikati, baada ya hapo anampa mwingine.

Nikuambie ukweli unaoniuma? Naanza kuhisi unapenda zaidi kunisikiliza kuliko kuishi na mimi. Nimekuwa mume wa masikioni. Nakata simu, nageuka, kitanda ni kile kile. Dada yangu yuko Muleba na mapacha wake wachanga, najua hawezi kuja. Najua mama hana mwingine. Lakini na mimi sina mwingine, Nice.

Alexander


Sengerema,
Jumatatu, 30 Juni 2025

Alexander,

Umeniumiza. Nimeisoma nikaikunja, nikaenda kuchota maji, nikarudi nikaisoma tena, bado imeniumiza.

Kuna jambo nimekuficha, na nimekuficha kwa aibu. Mama amenikasirikia. Sijui nimemkosea nini. Ilianza wiki ile ile iafoni zilipofika. Zamani tukimaliza kula alikuwa anachangamka, anauliza saa, anasema "mume wako anapiga saa hizi." Sasa nikichukua simu anahamisha kiti, anakileta karibu na ukuta wa chumba changu, anakaa. Nikinong'ona nasikia kiti kinalia. Baada ya muda anaguna, anakwenda kulala bila kuaga. Hata kahawa hatafuni tena, kikapu kimejaa vumbi.

Asubuhi ananiuliza, "Mmesemaje jana?" Mimi nitasema nini, Alex? Yale tunayosemaga? Namwambia, "Hakuna kitu mama, salamu tu." Ananitazama, anasema sawa. Naona kabisa anafikiri tunamsema. Saa nzima ya kunong'ona, nani ataamini ni salamu tu? Na tangu hapo mguu ukaanza. Anaugulia asubuhi, hataki fimbo, hataki kusimama mbele yangu. Nimempeleka zahanati, daktari akamwangalia akasema haoni tatizo. Mama akasema daktari ni mtoto.

Ningemwachaje mtu anayeugulia, tena amenuna kwa sababu yangu? Ningeondoka, angesema mkwe alimnong'ona kisha akamtupa. Maisha yangu yote na wewe yangeanzia hapo.

Unasema napenda kukusikiliza kuliko kuishi na wewe. Ukishakata simu mimi sizitoi. Nalala nazo masikioni zikiwa kimya. Ndivyo ninavyopenda kukusikiliza.

Nice


Mirongo, Mwanza,
Alhamisi, 3 Julai 2025

Mke wangu,

Nisamehe maneno ya barua ile. Nilikuwa nimekumiss vibaya, nikakosa adabu.

Nimeamua. Jumamosi ya tarehe kumi na mbili navuka kuja kukuchukua. Nimeongea na mama mmoja mtu mzima wa hapa Mirongo, yuko tayari kukaa na mama, nitamlipa kila mwezi. Kama mama amenuna, atanuna mbele yangu, nitamwomba msamaha mimi. Wewe fungasha.

Mwambie wewe kwanza, kwa heshima yote. Asikutane na jambo mlangoni.

Alexander


Sengerema,
Jumatatu, 7 Julai 2025

Mwanangu Alexander,

Mimi mama yako nimeandika kwa mkono wangu na kwa miwani ya marehemu baba yako. Rebeka amekubali kuileta hii bila mkeo kujua. Usimlaumu. Hizo barua zenu mnadhani zilipitaje mlangoni kwangu nisizione?

Nice ameniambia jana kwa magoti kwamba unakuja kumchukua, na kwamba unaleta mtu wa kuniuguza. Aliongea, waitu, maskini ya Mungu, kama anayeomba msamaha. Nikaona sasa nimezidisha.

Sikiliza. Mguu wangu umepona tangu mwezi wa tano. Mkeo akienda sokoni mimi natembea mpaka kwenye migomba kule nyuma, napalilia, narudi kukaa kwenye kiti kabla hajafika. Mwezi mzima na zaidi nimemdanganya mtoto wa watu aliyekuja kunifulia na kuniogesha. Nimekwisha kuungama kwa padre. Sasa naungama kwako, na wewe ni mgumu kuliko padre.

Mwanangu, ukinipigia mimi unaniambia: shikamoo mama, mguu unaendeleaje, umekula, haya mpe Nice. Hesabu mwenyewe, haifiki dakika mbili. Silalamiki, mimi na baba yako ndivyo tulivyokulea, mtoto haongei na wakubwa maneno mengi. Lakini simu ya Nice ilipoharibika ile spika ndogo, mimi nikapata bahati ambayo sikuiomba. Nilikaa sebuleni nikakusikia. Nikasikia unavyocheka. Nikajua una mteja anayekusumbua na viti vyake, nikajua umeunguza maharage, nikajua unampa mbwa wali. Sijakusikia ukiongea hivyo tangu uvae kaptula ya shule. Tangu baba yako Kaijage afe miaka sita iliyopita, nyumba hii haikuwa na sauti ya mwanamume. Maneno ya mume na mke nilikuwa nayakoholea ili mjue nipo, mpite mwende kwenye mengine. Sikuwa nawafukuza.

Halafu vikaja vidude vya masikioni. Nikawa namsikia Nice anacheka na sijui umesema nini. Nikasogeza kiti, hakuna. Nikamuuliza asubuhi mmesemaje, anasema salamu tu. Nikasema moyoni, kama mguu ukichelewa kidogo, labda vidude vitaharibika, vitu vya siku hizi havidumu. Vyenu vimedumu. Aliyekuchagulia anaijua kazi yake.

Mkeo hajanikosea hata siku moja, na sikumnunia yeye. Nilikuwa na hamu na wewe, na yeye ndiye aliyekuwa amekushika.

Njoo Jumamosi umchukue. Huyo mama wa kuniuguza muache huko, mimi si mgonjwa, atakuja kuniona nalima atakucheka. Nitawasindikiza mpaka kivukoni kwa miguu yangu, fimbo nitaiacha nyumbani ili uamini. Nitamwambia Nice ukweli mwenyewe, niachie hilo.

Kitu kimoja nakuomba. Mkishafika, mkishazoeana tena, siku moja moja mnipigie wakati mnakula. Msiongee na mimi, salamu zangu nimeshazisikia. Wekeni simu hapo mezani muendelee na mambo yenu, mpakuliane, msimuliane ya kazini, mimi nitakuwa nimekaa kimya nasikiliza. Hata mkigombana, msikate.

Mama yako,
Kokugonza